Utelezi wa Jiwe la Ng'ombe

Kinyaa cha Modesta kilijulikana mtaani kwao kuliko hata uzuri wake, na uzuri wake, tuambiane ukweli, ulishawahi kumfanya fundi seremala ajipigilie msumari kidoleni. Huyu ndiye binti aliyeingia mgahawani akaomba maji ya moto, akaosha glasi mwenyewe, akanusa, akaosha tena, ndipo akanywa soda. Ndiye aliyekataa mlenda tangu anaota meno, akisema unamshuka kooni kama kitu kilicho hai. Sasa tazama mapenzi yasivyo na adabu. Katika vijana wote wa Lushoto, wenye mashati ya kunyooshwa na viatu vya kung'aa, moyo wake ulikwenda kumwangukia Amiri, mtu ambaye riziki yake ilitokana na kushika vitu vichafu.

Amiri alikuwa kijana wa Tanga, pwani kabisa, aliyekuja milimani kuwapandisha wageni mawe. Ndiyo, mawe. Si milima yenye njia na vibanda vya kupumzikia. Jiwe moja, refu kama nyumba, hakuna kamba, chini limetandikwa godoro nene la kuangukia, na mtu anapanda kwa vidole na ncha za miguu huku anahema. Wageni hulipia hiyo. Mama yake Modesta, Mama Secilia wa kwaya ya Kilutheri, aliposikia alicheka mpaka akashika ukuta, kisha alipoelewa kwamba bintiye anampenda mtu huyo, akaacha kucheka moja kwa moja.

Kazi hiyo Amiri alijifunzia kwenye mawe ya matumbawe, ufukweni kwao. Mwaka jana alimchukua Modesta na shoga yake Beatha, wakateremka kwenda kuona. Modesta alitegemea upepo na mchanga mweupe. Akakuta jiwe linatoa jasho.

"Hili halikauki, mpenzi," Amiri alimwambia, akichomoa taulo kuukuu kiunoni. "Unalibembeleza. Usisugue, ukisugua unausambaza ukoga. Gandamiza hivi, taulo linywe. Halafu chaki kidogo, subiri, puliza. Ukiona vidole vinashika, panda haraka, maana chumvi ikibaki hapo inavuta maji tena."

"Na hiki cheupe?"

"Kinyesi cha ndege."

"Na hiki kinachotembea?"

"Usikiangalie hicho."

Alikiangalia. Akaenda nyuma ya jiwe akatapika ugali wa watu. Na pale pale, ameinama, machozi yanamtoka, mdomo unanuka, akahisi mkono ukizishika rasta zake kwa nyuma zisichafuke. Amiri hakusema pole, hakucheka. Modesta alipoinua uso, akamkuta anamtazama kama mtu anayetazama bibi harusi akishuka kwenye gari. Beatha alilisimulia jambo hilo soko zima, na mwisho wa hadithi yake ulikuwa ule ule: "Shoga yangu alipendwa akiwa anatapika. Nyie mlipendwa mkiwa mnafanya nini?"

Sasa tuje kwenye Jumamosi yenyewe.

Baba yake Modesta alishafariki, na hata angekuwa hai, neno la mwisho lilikuwa la mjomba. Ndivyo ilivyo kwao. Mjomba Nathanaeli, kaka mkubwa wa Mama Secilia, mpasuaji mbao wa Shume, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache na kofia ya sufu isiyovuliwa hata jua likiwaka. Mshenga wa Amiri, Mzee Rajabu muuza mapeasi, alipanda mpaka Shume kupeleka posa. Mjomba hakumkaribisha ndani. Alimjibu akiwa amesimama, vumbi la mbao likiwa begani.

"Dini tutaongea. Pwani tutaongea. Lakini hiyo kazi siijui. Mwambie anionyeshe. Akilipanda Jiwe la Ng'ombe mbele ya macho yangu mpaka mgongoni, nitakaa chini na wewe tuzungumze. Akishindwa, usinirudie tena, Mzee Rajabu, tutakuja kuvunjiana heshima bure."

Basi. Posa nzima ikaning'inia kwenye jiwe.

Na mtaa nao ukahamia kwenye jiwe. Mchana ule ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mashamba ya kabichi, manyunyu yanakata na kurudi, lakini watu walijaa kama kuna sherehe. Wamekuja na miavuli, na mahindi ya kuchoma, na watoto mgongoni. Jiwe la Ng'ombe lilikuwa limelala pale kwenye mteremko kama kawaida yake, kichwa upande wa barabara ya kwenda Mlola, mkia umezama kwenye majani, tumbo limetokeza nje juu ya njia. Tumboni ndimo pa kupandia. Limelowa, linang'aa, linatisha.

Mama Secilia alikuwa ameketi kwenye kigoda, amejifunika kitenge mpaka kidevuni. Watu walishangaa alivyo kimya. Mama yule huongea hata akiwa anaimba.

"Shikamoo, Mjomba," Amiri alisema, akainama kidogo.

"Marahaba."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Mama Secilia aliitikia ndani ya kitenge.

Amiri akageukia umati, akawasalimu kwa Kishambaa chake cha kuokoteza: "Onga mshi!" Wakamjibu kwa kicheko na vigelegele, maana alikivuta kwa lafudhi ya Tanga mpaka kikawa kama wimbo wa kumbembelezea mtoto.

Modesta alisimama kando ya godoro. Kazi yake ilikuwa kushika taulo, kopo la majivu na mfuko wa chaki. Alimtazama Amiri akitandika gunia kavu, akipanda juu yake kwa uangalifu ili soli zisiguse majani. Walitazamana. Macho yake yalikuwa matulivu, yana kicheko kidogo pembeni, kicheko cha wawili tu.

"Umeogopa?" Amiri alinong'ona.

"Mimi nitaogopa nini? Nani anapanda?"

"Mikono yako inatetemeka."

"Baridi."

"Haya. Baridi." Halafu, bila onyo, akatema mate kiganjani, pwaa, akainua mguu, akaanza kuisugua soli ya kiatu kwa mate yale mpaka ikalia chwi-chwi-chwi.

Mungu wangu. Umati ulipasuka.

"Ametema!"

"Kiganjani!"

"Anapaka mate yake kwenye kiatu, kisha mkono huo huo alie wali wa harusi!"

"Modesta! Yule uliyemwoshea glasi umempata!"

Uso wa Modesta uliwaka. "Amiri, jamani," alisema kwa meno yaliyobana. "Leo. Mbele ya mjomba."

"Soli ikiwa na vumbi la tope haishiki, unajua."

"Huna maji?"

"Maji ndiyo ninayoyakimbia, mpenzi." Akatema tena, kiatu cha pili.

Mjomba Nathanaeli alitazama hayo yote bila kupepesa. Kisha akamwambia Mzee Rajabu polepole, kama mtu anayepima gogo, "Sisi msumeno tunaupaka mafuta machafu. Aendelee."

Amiri akaendelea. Vishikio vya kupandia tumbo la ng'ombe vilikuwa vitatu vinavyojulikana, na baada ya cha tatu ni mgongo, umeshinda. Cha kwanza kilikuwa kwenye michirizi ya njano na nyeupe iliyoteremka ukutani kama mafuta ya mshumaa.

"Ni nini ile?" mama mmoja aliuliza.

"Mkojo wa pimbi," Beatha alimjibu kwa furaha. "Wanakojoa hapo hapo tangu enzi za babu zetu. Ukikauka ni gundi. Ukilowa... angalia mwenyewe."

Amiri aligandamiza taulo kwenye mkojo ule wa enzi za babu zetu, akalirudisha kwa Modesta. Modesta alilipokea kwa vidole viwili. Harufu ilimpanda puani, chachu, kali, kama choo cha stendi kilichofungiwa wiki nzima. Akameza mate, na kumeza kwenyewe kukamtia kichefuchefu. Nampenda, alijiambia. Nampenda, nampenda, nampenda, ee Bwana, nampenda kweli?

Kishikio cha pili kilikuwa na konokono asiye na nyumba, mnene kama kidole gumba, amelala ndani kama mpangaji. Amiri alimng'oa taratibu, uzi wa ute ukamfuata, akamweka kwenye jani. Akapaka majivu, akapuliza, akajaribu vidole. Vikashika. Umati ukaacha kutania. Ghafla watu waliona kile ambacho Modesta alikiona siku zote: mwili ule ukijikunja na kujinyoosha bila haraka, mabega yakifunguka, mguu ukitafuta mahali penye upana wa sarafu na kupapata. Hata Mama Secilia alishusha kitenge kidogo.

Kilibaki cha tatu. Hicho ni shimo lililochimbika kama bakuli, mdomo wake uko juu, aliye chini haoni ndani. Hukusanya maji. Amiri alilijua hilo. Asubuhi alikuwa amekuja peke yake, akalikausha kwa sifongo, akaliziba kwa kitambaa kikavu ili liwe tayari. Ilibaki kuchomoa tu kitambaa na kushika.

Aliruka kidogo, mkono wa kulia ukaingia kwenye bakuli.

Modesta alimwona akishtuka. Kitambaa hakikuwepo. Mkono ulitoka unang'aa. Amiri, akining'inia kwa mkono mmoja, aliusogeza karibu na uso, akanusa. Halafu macho yake yalishuka kwenye umati, yakatua mahali fulani, yakaganda hapo kwa muda wa pumzi moja, na yakaondoka upesi kama yameungua.

"Majivu!" alisema.

Modesta akajinyoosha, akamwinulia kopo. Akachota, akamwaga shimoni, akajaribu tena. Majivu yale yakageuka uji. Vidole vikaanza kutoka, kimoja, kingine, bila sauti, kama samaki anavyotoka mkononi. Akarusha mkono wa kushoto. Nao ukateleza.

Akaanguka. Godoro likalia puu, umati ukalia "Yesu!" na "Allah!" kwa pamoja.

"Niko salama," Amiri alisema, amelala chali, kifua kinapanda na kushuka. Hakumtazama Modesta. "Niko salama."

Mjomba Nathanaeli alikung'uta suruali yake na kusimama. "Nimeona," alisema. Haikuwa sauti ya furaha. "Kijana anajua kazi. Lakini nilisema mpaka mgongoni."

"Mjomba, jiwe limelowa," Mzee Rajabu alijitetea. "Hata wewe unaona manyunyu."

"Alikuja akijua limelowa."

"Kweli, Mjomba," Amiri alisema, akiinuka. "Ni ukungu tu. Nimeshindwa. Sina la kuongeza."

Modesta alikuwa amemshika mkono kumwinua, na hapo ndipo alipogutuka. Kiganja cha Amiri kilikuwa kimejaa kitu. Kizito, vuguvugu kwa joto la mkono, kinavutika, kinanuka kitunguu. Aliuachia mkono ule kama kaa la moto.

"Ukungu?" alisema.

"Modesta, acha."

"Ukungu una kitunguu, Amiri?"

"Nimesema acha. Tafadhali."

Kama angesema kwa ukali, labda angeacha. Lakini alisema kwa upole, upole wa mtu anayeaga, na Modesta akaona wazi kabisa maisha yake yakishuka ule mteremko pamoja na upole huo. Akakunja sketi, akazunguka upande wa mkia wa ng'ombe, penye majani marefu, ambapo mtu akijinyoosha anaweza kulifikia lile bakuli kwa ubavuni. Majani yalikuwa yamelalishwa. Kuna mtu alishasimama hapo.

Akatia mkono.

Sikia. Kuna vitu mwili hukataa kabla akili haijaambiwa. Vidole vyake viliingia kwenye baridi laini, nene, iliyomkumbatia kila kidole peke yake, na alipovitoa, ule utelezi ulikuja naye. Ulivutika. Uzi mrefu, mwingine, mwingine, umechanganyika na majivu na vipande vya kijani, ukining'inia kati ya mkono na jiwe kama makamasi ya ng'ombe mwenyewe. Machozi yalimjaa. Akageuza uso, akakohoa kikohozi kikavu cha kutapika.

"Uuu! Mwacheni, anaumwa!"

"Ana mimba huyo!" mtu alisema nyuma, na mwingine akampiga kiwiko.

Modesta alivuta pumzi. Alitaka kuwa na hakika. Hakutaka kuhisi, hakutaka kudhani. Alitaka kujua, maana jambo lililoanza kumjia kichwani halikuwa la kumdhania mtu. Akafumba macho. Akatia kidole mdomoni.

Beatha alipiga yowe kama ameona nyoka.

Bamia. Magadi. Kitunguu kilichokaangwa kidogo, chumvi imekolea sawasawa. Na chini ya hayo yote, utamu mzito wa mafuta ya kweme, mbegu zilizotwangwa polepole mpaka zikalainika. Huo haukuwa utelezi wa jiwe. Ilikuwa mboga ya watu, imepikwa kwa moyo. Na asubuhi ile ile Modesta aliamka akakuta kinu kimeoshwa, jikoni kunanukia, na mama yake aliporudi akamwambia alikwenda kuchuma mnavu. Mchana walikula maharage.

Akameza. Alilazimika kumeza. Mlenda ulimshuka vile vile kama kitu kilicho hai.

"Mjomba," alisema, akiunyoosha mkono. "Njoo unuse."

"Ninuse nini?"

"Njoo tu, Mjomba."

Mzee alikwenda taratibu, fimbo inazama kwenye majani. Alichukua mkono wa mpwa wake, akausogeza puani. Uso wake ulibadilika, ukawa mdogo ghafla, kama wa mtoto aliyeitwa kula. Akanusa tena. Katika ukoo wao watu wengi walipika mlenda, lakini wa kutiwa kweme ulikuwa wa marehemu mama yake, na aliyefundishwa alikuwa mmoja tu.

Hakugeuka. Alisema akiwa bado analitazama jiwe. "Secilia."

Miavuli yote ikageukia kigoda.

"Secilia, umempikia nani?"

Mama Secilia alisimama. Kitenge kilidondoka, hakukiokota. "Mnanitazama nini?" alisema. "Ndiyo. Ni mimi. Nimekuja asubuhi alipoondoka. Nimechomoa kitambaa chake, nimepaka kwa mwiko nilioufunga kwenye mpini wa fagio. Haya, niimbieni."

"Na kweme?" Mjomba aliuliza, na hapo hasira ilimvunja sauti. "Unakwenda kupaka jiwe, dada yangu. Jiwe! Na kweme umetia? Na kitunguu?"

"Mkono ulizoea!" Mama Secilia alifoka. Kisha akashusha sauti. "Nilikuwa napika tu, nikajikuta natwanga. Siwezi kupika chakula kibaya, kaka. Nilijaribu."

Kuna mtu alitaka kucheka, akashindwa kuthubutu.

"Ninaye huyu mmoja," Mama Secilia alisema, akimnyooshea Modesta kidole. "Mmoja. Akienda huko pwani, Krismasi nitampikia nani? Wajukuu watakuja siku ya Pasaka waniulize, bibi, kwani leo kuna nini? Mimi nitakaa kwenye kiti cha kanisani na pengo pembeni yangu, na nyie wote mtakuwa mnaimba. Niambieni nifanye nini. Niambieni."

Modesta alimtazama mama yake, na kinyaa kilichokuwa tumboni kikapanda kifuani, kikawa kitu kingine kibaya zaidi. Mkojo wa pimbi alishauvumilia. Konokono alishamvumilia. Lakini mtu aamke alfajiri, atwange, akaange, aonje chumvi, akiwa anajua anakwenda kumwangusha mwenzake mbele ya watu, halafu akae kwenye kigoda atazame? Mikono ile ndiyo iliyomlisha. Alihisi kutaka kujisafisha ulimi kwa brashi ya viatu.

"Angevunjika shingo, mama."

"Kulikuwa na godoro."

"Angevunjika shingo!"

"Hajavunjika!" Mama Secilia alilia sasa, waziwazi, makamasi na yote. "Na yeye mwenyewe alijua! Aliponusa alinitazama! Muulize!"

Modesta akageuka polepole.

Amiri alikuwa amesimama juu ya gunia lake, mikono yake michafu imening'inia mbali na mwili kama si yake.

"Ulijua?"

Akamtazama kwanza Mama Secilia.

"Amiri. Ulijua?"

"Ule si ukoga. Ukoga haunuki kitunguu. Nilinusa, nikaangalia chini, nikamwona anafumba macho. Nikajua."

"Ukasema ukungu."

"Ningesemaje, Modesta? Mbele ya mtaa mzima? Kwamba mama mkwe wangu..."

"Hajawa mama mkwe wako!" Sauti yake ilipiga jiwe ikarudi. "Na kwa huo ukungu wako asingekuwa milele! Ungenipoteza. Ungekunja godoro lako, ungesema asante Mjomba, ungeteremka Tanga, na mimi ningebaki hapa nikiamini kwamba ni maji. Ungeniacha na adabu zako!"

"Nilitaka asiaibike."

"Na mimi?"

Amiri akanyoosha mkono kumshika, akauona ulivyo mchafu, akaurudisha.

"Na mimi, Amiri? Mimi nilikuwa wapi kwenye hesabu hiyo?"

Mjomba Nathanaeli aliinua mkono, akamgeukia Amiri. "Kijana. Ulikubali kushindwa ili dada yangu asiaibike?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Basi mimi yamenitosha. Mzee Rajabu, jiwe sina haja nalo tena. Tukae tuzungumze."

Vigelegele vikaanza upande wa Beatha. Mzee Rajabu alikuwa tayari anatafuta pa kukalia.

"Mimi hayajanitosha," Modesta alisema.

Vigelegele vikakatika.

"Modesta," Mjomba alisema.

"Nisamehe, Mjomba. Nakuheshimu. Lakini wewe huolewi naye." Alimsogelea Amiri mpaka akasimama kwenye ukingo wa gunia. Mvua ndogo ilianza tena, ikamtiririka usoni. Alikuwa mzuri mno, walisema baadaye, na ananuka mno. "Siwezi kuishi na mtu anayemeza kila kitu. Leo umemeza mlenda wa mama yangu, kesho utameza maneno ya dada zako kuhusu mimi, utaniambia ni ukungu. Kama unanitaka, mwambie. Yupo pale. Mwambie usoni alichokufanyia, kisha useme unachotaka."

"Ni mzazi, Modesta. Kwetu haisemwi hivyo."

"Hata kwetu haisemwi."

Amiri alishuka kwenye gunia. Viatu vyake vikavu, alivyovihangaikia kwa mate mbele ya watu wote, vikazama kwenye tope. Akavuka mpaka kwa Mama Secilia, akaokota kitenge, akamrudishia kwa mikono miwili, kisha hakuinamisha macho.

"Mama," alisema. "Umenifanyia ubaya."

Mwanamke mmoja alivuta pumzi kwa sauti.

"Nimeumia. Si mwili. Nilikuwa nimejiandaa kwa mvua, kwa mkojo wa pimbi, kwa maneno. Kwa hilo sikujiandaa. Krismasi yako siwezi kukuahidi itakuwa kama zamani, nitakuwa naongopa. Lakini namtaka Modesta, na sitaki kumpata kwa kunyamaza. Nimesema."

Mama Secilia alijifuta pua kwa ncha ya kitenge. Alimtazama kijana yule kutoka kichwani mpaka kwenye viatu vilivyoharibika, kwa chuki, kwa aibu, na kwa kitu ambacho hakikuwa chuki wala aibu.

"Kumbe unaongea," alisema hatimaye.

"Naongea, mama."

"Nimekufanyia ubaya." Maneno yalimtoka kama mwiba wa samaki. "Sijakupenda bado. Usije ukafikiri."

"Sijafikiri."

"Kaka," Mama Secilia alisema bila kumtazama mtu, akajifunga kitenge kiunoni, "kaeni muongee. Kuna mvua. Twendeni nyumbani mkaongelee huko, si kama wachunga mbuzi."

Watu wakaanza kuteremka, wote wakiongea kwa pamoja, kila mmoja ameshaanza kulisimulia kwa namna yake. Mzee Rajabu alimshika Mjomba mkono penye utelezi. Modesta alibaki amesimama palepale, mkono wake wa kulia umeshikwa na ule uchafu unaokauka, unavuta ngozi, unanuka kitunguu na majivu na pimbi. Alitafuta taulo. Taulo lilikuwa baya kuliko mkono.

Amiri alirudi. Alisimama mbele yake, akasita, kisha akanyoosha kiganja chake, nacho kikiwa vile vile, chenye nyuzi na majivu.

"Ni kichafu," alisema.

"Naona."

Akamshika. Vidole vilipokutana, utelezi wa huyu na wa yule ukaungana, ukatoa sauti ndogo ya kutisha, na kichefuchefu kikampanda Modesta kutoka unyayoni mpaka kwenye mizizi ya nywele. Alifumba macho, akakaza meno, wakaanza kuteremka. Mkono hakuutoa.